Unaomba Radhi ya Nini? Msanii, Kazi Yake na Thamani Yake

Kuna jambo wasanii wengi hulifanya kabla hata hujaiona kazi yao. Mkono bado umeshika kitambaa kilichofunika turubai ya kuchorea, na mdomo umeshaanza: "Hii haijaisha," "Hapa mwanga si mzuri," "Hii niliifanya harakaharaka tu." Mimi ni mwanasaikolojia, na wengi ninaowahudumia ni wachoraji, wachongaji na waandishi. Utangulizi huo wa kuomba radhi nimeusikia kwa wanaoanza na kwa waliokwisha kujaza kumbi za maonyesho. Watu huuita unyenyekevu. Mimi naona ni kinga: msanii anajihukumu mwenyewe mapema, ili hukumu ya mtazamaji ikija imkute ameshajilaza chini.

Wanaofika kwangu huniambia shida yao ni kutojiamini, na wangependa niwajenge kidogo. Ombi hilo huwa silikubali moja kwa moja. Mtu anayehitaji sifa za kazi yake ndipo ajione ni mtu, ukimmwagia sifa umemzidishia kiu. Mwanasaikolojia wa Marekani, Jennifer Crocker, ametumia miaka mingi kuchunguza si kiasi ambacho watu wanajithamini, bali mahali walipoitundika thamani yao. Mwaka 2002 yeye na wenzake walichapisha utafiti kuhusu wanafunzi wa chuo waliokuwa wakisubiri majibu ya maombi ya kuendelea na shahada za juu. Barua ya kukubaliwa ilimpandisha mtu na ya kukataliwa ikamshusha, kama ungetarajia. Lakini waliokuwa wameifunga thamani yao kwenye masomo ndio waliopanda na kushuka kuliko wenzao. Barua zilikuwa za aina moja. Tofauti ilikuwa kile ambacho kila mmoja alikiweka rehani.

Msanii huweka rehani zaidi, maana kazi imebeba mkono wake, macho yake na wakati mwingine siri zake. Meza ikiyumba, seremala hupunguza mguu mmoja akaendelea na shughuli zake. Shairi likiyumba, mshairi hujiuliza kama yeye mwenyewe ana haki ya kuandika.

Na hapa ndipo jambo linapoacha kuwa la hisia tu, kwa sababu kazi yenyewe huathirika. Mwanasaikolojia mwingine wa Marekani, Teresa Amabile, alifanya jaribio lililochapishwa mwaka 1985, akiwatumia watu waliokuwa na mazoea ya kuandika kazi za kubuni. Kila mmoja aliandika shairi fupi. Kisha baadhi wakapewa orodha ya sababu za kuandika zinazotoka ndani, kama vile raha ya kucheza na maneno, wazipange kwa umuhimu. Wengine wakapewa sababu za nje, kama vile umaarufu na fedha. Halafu wote wakaandika shairi la pili, na waamuzi ambao nao ni washairi wakayapima mashairi yale bila kujua nani alipewa orodha gani. Waliotafakari sababu za nje waliandika mashairi yenye ubunifu hafifu zaidi. Walichofanya ni kupanga orodha kwa dakika chache tu. Sasa fikiria simu iliyolala kando ya rangi tangu asubuhi, ikihesabu nani amependa mchoro wa jana na nani amepita kimya.

Nisieleweke vibaya: sisemi fedha ni najisi. Njaa haijawahi kumnoa mtu kipaji. Mfano unaopendwa sana ni mchoraji wa Uholanzi, Vincent van Gogh, anayesimuliwa kama mtu aliyeuza mchoro mmoja tu maishani. Kweli, mwaka 1890 mchoraji Anna Boch alinunua mchoro wake wa shamba la mizabibu kwa faranga 400. Lakini miaka minane kabla ya hapo ami yake alikuwa amemwagiza michoro ya mji wa The Hague na kumlipa. Zaidi ya yote, mdogo wake Theo alikuwa akimtumia fedha mara kwa mara, na ndizo zilizonunua rangi na kulipa kodi ya nyumba kwa sehemu kubwa ya ile miaka kumi aliyochora zaidi ya turubai 800. Ukiniuliza, wanaotukuza umaskini wa wasanii aghalabu ni watu wasiotaka kuwalipa.

Basi msanii afanye nini? Kujiambia mbele ya kioo kwamba "nina thamani" hakusaidii sana, angalau kwa niliowaona. Kinachosaidia ni namna siku ilivyopangwa, na hasa kutenga saa za kufanya kazi na saa za kuihukumu.

Kila mchoro una umri wake mbaya. Mistari ya kwanza huwa na uhai, unajiona mjanja. Ukifika tabaka la tatu, rangi zinaanza kulana, kijani na nyekundu zinageuka tope, na uso uliokuwa ukifanana na mtu sasa haufanani na mtu wala sanamu. Hapo ndipo sauti husema, "Sina kipaji." Angalia sentensi hiyo vizuri: inamtaja mchoraji, mchoro haumo kabisa. Ninachowaomba ni kuigeuzia turubai ukutani, wapumzike, kisha waigeuze tena na kuandika sentensi moja tu ambayo brashi inaweza kuifanyia kazi. Mathalani: "Kivuli cha shavu ni kizito kuliko cha shingo." Hiyo ni lawama pia, tena kali, lakini ina dawa: changanya rangi nyepesi kidogo, rudi shavuni. "Mimi ni mchoraji mbovu" haina rangi yake kwenye kibao cha kuchanganyia.

Wengine hunijibu kwamba ukali juu ya nafsi ndio uliowafikisha walipo. Huenda. Mwaka 2010 watafiti wa saikolojia Darya Zabelina na Michael Robinson waliwataka baadhi ya washiriki wao walitazame tukio lililowaumiza kwa huruma juu ya nafsi zao, kisha wakawapima ubunifu. Kwa watu wenye kawaida ya kujihukumu vikali, huruma hiyo iliongeza upya wa mawazo yao. Kwa wasio wakali, haikuleta tofauti kubwa. Kwa hiyo simwagizi kila mtu ajihurumie. Namwagiza yule anayeomba radhi kabla kitambaa hakijaondolewa.

Wala usisubiri umaarufu uje kuondoa shaka. Mwaka 1908 mchoraji wa Ufaransa Claude Monet, mzee wa miaka 67 mwenye jina kubwa, aliharibu turubai zisizopungua 15 za mayungiyungi ya majini wakati maonyesho yake yakikaribia. Maonyesho yakaahirishwa, mwaka uliofuata akatundika 48. Naupenda mfano huu kwa sababu ya namba hiyo ya pili. Shaka haikuondoka, ila ilikuta mtu mwenye mazoea ya kurudi kazini kesho yake.

Kuhusu ajira ya kando nitasema kwa kifupi, kwa kuwa wasanii huniuliza kwa aibu kana kwamba ni ugonjwa. Opera, yaani mchezo wa kuimbwa, ya mtunzi wa muziki wa Marekani Philip Glass ilionyeshwa mwaka 1976 katika jumba la Metropolitan Opera, New York, na baada ya hapo akarudi kuendesha teksi. Kazi ya mshahara haikupunguzii usanii. Mara nyingi hukupa mahali pengine pa kuwa mtu wa maana, na wiki ambayo mchoro umegoma, hilo si jambo dogo.

Limebaki suala la kuonyesha kazi, na hapa ndipo wengi huumia bila sababu. Swali la "unaionaje?" ni la hatari, kwa kuwa humwalika mtu akupe alama. Chagua watu wawili au watatu unaoaminiana nao, na uwaulize kitu wanachoweza kukijibu kwa macho yao: "Jicho lako limetua wapi kwanza?" "Ni sehemu gani umeipita haraka?" Kwa mwandishi: "Ulianza kuchoka ukurasa upi?" Majibu ya namna hiyo yanaweza kuwa machungu, lakini unaweza kuyapeleka moja kwa moja kwenye turubai au kwenye rasimu. Anayejua kazi yako kwa undani unaweza kumwomba zaidi. Ndugu na majirani, swali la jicho linawatosha. Mmoja wao akianza kukueleza yeye angechoraje, mshukuru, kisha umuulize habari za watoto.