Usiku nne ndani ya gofu la Astley

Tuliwasili jioni tukiwa watu wanane, familia yangu na ya wifi yangu, idadi ile ile ya watu wanaoweza kulala humo. Astley ni kijiji kidogo katika mashamba ya Warwickshire, Uingereza, si mbali na Nuneaton. Unavuka handaki lililoizunguka ngome yake ya kale, na mbele yako linasimama gofu la mawe mekundu. Mwanangu mdogo akaniuliza, "Mama, mbona halina paa?"

Sehemu ya mbele haina, na imeachwa hivyo kwa makusudi.

Hapa palikuwa nyumba ya mabwana tangu zama za kati. Elizabeth Woodville alikuwa mke wa John Grey, wa ukoo wa Grey uliomiliki ngome hii, akafiwa, kisha akaolewa na mfalme Edward wa Nne mwaka 1464. Lady Jane Grey, aliyetawala siku tisa tu mwaka 1553, naye ni wa ukoo huo huo. Katika karne ya 20 jengo likageuzwa hoteli, na mwaka 1978 likaungua.

Mimi ni msanifu majengo, nimezaliwa Mji Mkongwe, Unguja, na kazi yangu ni nyumba za mawe. Moto huondoka na paa na dari. Kinachomaliza ukuta ni maji yanayofuata. Ukuta mnene wa kale mara nyingi una nyuso mbili za mawe, na katikati umejazwa vijiwe na chokaa. Paa likishatoka, mvua inaingia kwa juu na kuikokota ile chokaa kidogo kidogo, mpaka nyuso mbili zinaachana na ukuta unatuna kama tumbo. Ulaya barafu huongeza kasi. Kwetu ni masika, na mizizi ya miti inayoota juu ya kuta.

Astley ilinyeshewa kwa zaidi ya miaka 30. Aliyeiokoa ni Landmark Trust, shirika la hisani lililoanzishwa mwaka 1965 na John Smith na mkewe Christian. Shirika hili hutengeneza majengo yaliyokaribia kufa, kisha huyapangisha kwa watu wa likizo, na kodi yao husaidia kuyatunza. Wasanifu Witherford Watson Mann walimaliza kazi mwaka 2012, na mwaka uliofuata wakapata tuzo ya Stirling, tuzo kubwa ya usanifu majengo Uingereza.

Nilichokifuata Astley ni kiungo. Hawakulijenga upya kasri lililopotea. Walitia nyumba mpya ya matofali ndani ya kiini cha ile ya kale, na pale ukuta ulipomeguka, matofali yanapanda mpaka kwenye mmeguko wenyewe na kuufuata, kona kwa kona. Ni matofali membamba ya Denmark. Linta za zege zinavuka mianya iliyokuwa inapanuka. Kwa hiyo nyumba mpya ndiyo mhimili wa gofu: iondoe, kuta za kale zitarudi kuyumba. Nilisimama pale na kiganja kimoja kwenye jiwe, cha pili kwenye tofali, nikaona raha ambayo ni vigumu kuieleza.

Vyumba vya kulala viko chini, sebule na jiko juu, kwenye mwanga. Wageni wengine hushangaa. Sisi tuliokulia nyumba zenye maduka chini na watu ghorofani tulijiona tumefika kwetu. Chakula cha mchana tulikula kwenye ule ua usio na paa, mawingu yakipita juu ya madirisha matupu.

Wifi yangu hakuyapenda yale matofali. Alisema yameliharibia kasri sura, na bora wangetafuta mawe yanayofanana. Sikubaliani naye hata kidogo. Ukuta ule haumdanganyi mtu: unaona kilichosalia na unaona kilichoongezwa. Kwetu nimeona nyumba ngapi za matumbawe zikipakwa saruji ili zionekane mpya! Saruji inaufungia unyevu ndani, chumvi inatoka, lipu inabanduka, na mwenye nyumba anaita fundi aongeze saruji nyingine.

Asubuhi ya kuondoka niliamka kabla ya wote, nikakipima kile kiungo kwa futikamba na kukichora. Ukurasa wa pili wa daftari nikachora, kwa kukumbuka, kuta za Dunga, kasri la Mwinyi Mkuu, mtawala wa jadi wa Unguja, kule shamba, na kwa penseli nyekundu nikatia mahali tofali la kwanza lingekaa.