Hujafutwa: Mchango Wako wa SHA Ndio Uliokwisha

Msimu huu wa kusi, malalamiko yanayotufikia Malindi ni yale yale: “Nimefutwa SHA,” yaani bima ya Mamlaka ya Afya ya Jamii ya Kenya. Mzee amelazwa, mwanawe amekimbilia dirishani na kitambulisho, anaambiwa bima haifanyi kazi. Uchungu wake tunauelewa. Lakini hakuna aliyemfuta. Jina lipo, namba ipo. Kilichokwisha ni mwaka alioulipia.

Kujisajili si kulipa. Tumelisema tangu Oktoba 2024, SHA ilipochukua nafasi ya NHIF, bima ya taifa ya zamani, na bado watu wanatuonyesha ujumbe wa usajili kwenye simu kana kwamba ni risiti. Si risiti.

Asiye na mshahara hupiga *147#, hujibu maswali kuhusu nyumba na mali yake, kisha mchango wake hukadiriwa: asilimia 2.75 ya mapato ya kaya, na haushuki chini ya shilingi 300 kwa mwezi. Hulipwa wa mwaka mzima kwa mkupuo, yaani 3,600 kwa kiwango cha chini kabisa. Wa mwaka unaofuata hutakiwa siku 14 kabla ya ule wa kwanza kwisha. Aliyetuma 300 akanyamaza hajanunua bima ya mwezi mmoja. Mkupuo ukimshinda, upo mpango wa Lipa SHA Pole Pole: anakopeshwa mchango wa mwaka, anarejesha kidogo kidogo.

Wenye hoteli hapa na Watamu wanatakiwa kuwasilisha makato ya wafanyakazi kufikia tarehe 9 ya mwezi unaofuata. Wakichelewa, adhabu ni asilimia 2 ya mchango huo. Mfanyakazi naye asiridhike na karatasi ya mshahara. Akague hali yake mwenyewe kwenye *147#, kwa sababu pesa zisipofika, atakayekwama hospitalini ni yeye.

Linalotuumiza zaidi ni wanaobaki nyumbani na homa kwa kuogopa deni. Zahanati na vituo vya afya, ngazi ya 2 na ya 3, hulipiwa na serikali kupitia mfuko wa afya ya msingi. Jisajili tu, uende ukatibiwe, hata kama hujachanga senti. Mchango unahitajika kuanzia ngazi ya 4, kwa mfano ukilazwa au ukifanyiwa upasuaji.

Wavuvi wa Mayungu na wenzao, nawasihi mlipe wakati wa kaskazi, samaki wakiwapo na wageni wamejaa. Kusi likianza, chombo kiko pwani na mfuko mtupu, na ugonjwa haungoji bahari itulie.