Mizania ya habari si kugawa nusu kwa nusu

Mtu akiandikwa vibaya gazetini siku hizi, hata kama kila kilichoandikwa kina nyaraka nyuma yake, jibu lake la kwanza ni kwamba habari ile "haina mizania", na ni nadra kuulizwa anakusudia nini hasa. Kinachosikitisha zaidi ni kwamba baadhi ya waandishi wamelikubali shtaka hilo jinsi lilivyo, wakaanza kuhesabu aya: tano za mlalamikaji, tano za mlalamikiwa, kazi imekwisha.

Mizania ni wajibu wa mwandishi wa kuipa kila hoja uzito unaostahili kwa kadiri ya ushahidi wake, bila kuficha jambo ambalo lingebadilisha uelewa wa msomaji. Maana yake haizidi hapo.

Utata unatokana na kuichanganya na haki ya kujibu. Haki ya kujibu ni ya mtuhumiwa: aelezwe tuhuma zote kabla hazijachapishwa, apewe muda wa kutosha, na jibu lake litolewe bila kupotoshwa. Haki hiyo hailegei hata ushahidi dhidi yake uwe mzito kiasi gani. Mizania, kwa upande wake, ni haki ya msomaji. Mtuhumiwa akisema hakupokea fedha, kauli yake itaandikwa. Lakini ikiwa stakabadhi zina saini yake na saini hiyo imethibitishwa, mwandishi halazimiki kuimaliza habari kana kwamba pande mbili zimetoshana nguvu.

Haki ya kujibu nayo hutekelezwa kwa namna ya kujikinga tu. Kila msomaji wa magazeti anaifahamu sentensi hii: alipotafutwa ili kuzungumzia tuhuma hizo, simu yake iliita bila kupokelewa hadi tunakwenda mitamboni. Sentensi hiyo yaweza kuwa kweli tupu, na bado ikaficha kwamba simu ilipigwa mara moja, jioni, ukurasa ukiwa umeshapangwa na kichwa cha habari kimeshaandikwa. Anayelalamikia hilo ana hoja, ila hoja yake haihusu mizania.

Madhara ya kugawa nusu kwa nusu yalionekana wazi Uingereza. Februari 1998, daktari Andrew Wakefield na wenzake walichapisha katika jarida la The Lancet makala iliyohusu watoto 12 tu, na mbele ya waandishi wa habari akatilia shaka chanjo ya pamoja ya surua, matumbwitumbwi na rubela, akiihusisha na usonji. Kwa miaka kadhaa vyombo vingi vya habari viliripoti suala hilo kama mjadala wa kambi mbili, huku na huku, ingawa upande mmoja ulikuwa na tafiti kubwa za nchi mbalimbali na mwingine ulikuwa na makala hiyo. Kiwango cha chanjo England kikashuka hadi takribani asilimia 80 kufikia mwaka 2003. Kilichoiumbua hoja hiyo hakikuwa kuongeza mzungumzaji wa upande wa pili, bali uchunguzi: mwaka 2004, mwandishi Brian Deer wa The Sunday Times alifichua kwamba Wakefield alikuwa akilipwa kupitia mawakili waliojiandaa kuwashtaki watengenezaji wa chanjo. Jarida liliifuta makala hiyo mwaka 2010.

BBC walilisema jambo hili kwa lugha ya michezo mwaka 2018, walipowaelekeza waandishi wao kuhusu mabadiliko ya tabianchi: timu ikishinda mbili bila, humwaliki mtu studioni kubisha kwamba haikushinda.

Zipo nyakati ambapo kipimo cha saa ndicho sahihi. Ufaransa, katika kipindi rasmi cha kampeni za urais, muda wa wagombea kuzungumza redioni na kwenye televisheni hupimwa na kutakiwa kuwa sawa. Hapo hakuna ushahidi unaopimwa. Kuna watu wanaoomba kura, na mpiga kura ndiye mwamuzi. Kosa ni kuihamisha saa hiyo kutoka kwenye kampeni na kuipeleka kwenye habari za ukaguzi wa fedha au za maradhi.

Kwa hiyo anayelalamika angejisaidia kwa kulichagua shtaka lake vizuri. Kama hakuulizwa, aseme hakuulizwa, na adai nafasi ya kujibu. Kama tarakimu zimekosewa, aseme habari si sahihi, na adai masahihisho yachapwe mahali panapoonekana, si pembeni mwa matangazo ya zabuni. Kama alitoa ushahidi ukaachwa, au ukazikwa katika aya ya mwisho, hapo ndipo aseme habari haina mizania, na mhariri hatakuwa na budi kumsikiliza.