Kwa nini kwenda New York kunachukua muda mrefu kuliko kurudi Nairobi?

Oktoba 2018 Kenya Airways ilianza safari za moja kwa moja kutoka JKIA, uwanja mkuu wa ndege wa Nairobi, hadi New York, kilomita zipatazo 11,800 bila kutua popote. Kwa ratiba, kwenda ni kama saa 15 na kurudi kama saa 14. Umbali ni uleule, sasa hiyo saa moja inatoka wapi?

Jibu linalosikika sana Nairobi ni kwamba dunia inazunguka, kwa hiyo ndege ikishapaa ardhi husogea chini yake. Hebu tulifuate jibu hilo mpaka mwisho. Dunia huzunguka kuelekea mashariki, na New York iko magharibi. Kama ardhi ingesogea hivyo, New York ingetujia mbio na kwenda ndiko kungekuwa kufupi. Tena tofauti isingekuwa ya saa moja. Hapa karibu na ikweta ardhi hukimbia takriban kilomita 1,670 kwa saa, karibu mara mbili ya mwendo wa ndege. Helikopta ingeelea dakika kumi juu ya Uwanja wa Wilson, ikishuka ijikute upande wa Migori, magharibi mwa Kenya.

Haiwi hivyo kwa sababu hewa nayo huzunguka pamoja na dunia. Ndani ya matatu inayokimbia Thika Road, rusha sarafu juu: itakurudia mkononi, haitampiga abiria wa kiti cha nyuma. Ilikuwa na mwendo wa matatu kabla hujairusha, kama ndege inavyokuwa na mwendo wa dunia kabla haijaacha lami.

Kinachokula saa ile ni upepo. Njia fupi ya New York haipiti Kongo, ingawa ramani ya ukutani inaonyesha hivyo. Inakata kaskazini-magharibi juu ya Sahara, kisha Atlantiki. Katika anga za huko, kilomita 9 hadi 12 juu, kuna mikondo ya upepo utokao magharibi, mara nyingi ukizidi kilomita 150 kwa saa. Marubani huikwepa wanapoweza wakienda, na huifuata wakirudi. Hata wastani wa kilomita 30 tu kwa saa njia nzima unatosha kuleta tofauti ya karibu saa moja.

La ajabu ni kwamba upepo huo wenyewe hutokana na mzunguko wa dunia. Hewa yenye joto hupanda juu kwenye ikweta na kuelekea kaskazini ikiwa bado na kasi ya huku kwetu, ilhali kwenye latitudo ya New York ardhi huenda kama kilomita 1,270 tu kwa saa. Hewa huitangulia ardhi kuelekea mashariki. Sehemu kubwa ya kasi hiyo hupotea njiani hewa inapochanganyika, lakini inayobaki si haba, hasa majira ya baridi ya kaskazini. Februari 2020, Boeing 747 ya British Airways ilibebwa na mkondo huo ikatoka New York hadi London kwa saa 4 na dakika 56, safari ambayo kwa kawaida huzidi saa 6.