Yule tai kwenye pesa ya Mjerumani siyo nembo ya ukoo wa Kaisari

Juzi tena. Jamaa kanitumia WhatsApp picha ya pesa ya 1890, ile sarafu ya Mjerumani alipotawala hapa, chini kaandika "mzee, hii ina nembo ya familia ya Kaisari, utanipa ngapi?" Huyo ni mtu wa tano mwezi huu. Nshachoka kumjibu mmoja mmoja kwahiyo naandika hapa mara moja, na habari za rupia zinazovuta mchele msiniulize, leo ni tai tu.

Tai siyo wa ukoo. Ukoo wenyewe wa Kaisari, yani mfalme mkuu wa Ujerumani enzi hizo, unaitwa Hohenzollern na ngao yao ya asili imegawanywa vipande vinne, nyeusi na fedha zinapishana, basi. Hamna ndege, hamna mnyama. (Fedha kwenye nembo huchorwa nyeupe, ni kitu kilekile.)

Sasa shika hiyo pesa yako, upande usio na Kiarabu. Tai mkubwa mwenye taji juu ni wa Dola ya Ujerumani. Kifuani kwake kuna ngao, ndani ya ngao kuna tai mwingine mdogo, huyo wa Prussia, ufalme uliokuwa ndani ya Dola hiyo. Na huyo mdogo naye kifuani kabeba kangao, ndo hako sasa ka Hohenzollern. Dola kabeba ufalme, ufalme kabeba ukoo. Yani familia ndo kitu kidogo kuliko vyote pale, kama punje ya mchanga, na watu wanaangalia kila kitu isipokuwa hako.

Wengine wananiletea rupia yenye sura ya Wilhelm wa Pili, Kaisari mwenyewe, "mbona kichwani kavaa tai?" Ile ni kofia ya kikosi cha walinzi wake, sare ya jeshi. Na simba mwenye mnazi upande wa pili, kwenye zile za mpaka 1902, ni wa kampuni ya Wajerumani ya Afrika Mashariki, ile DOAG. Hiyo tuiache.

Kinachoniudhi hasa ni kuchanganya nembo ya nchi na nembo ya ukoo, kwasababu ukichanganya hapo historia yote ya hawa watu inapotea. Hawa walianza kama makabaila wa kawaida kusini mwa Ujerumani, kwenye kilima cha Zollern kule Swabia, jina lao linaonekana kwenye maandishi mwaka 1061. Baadaye wakaoa vizuri wakapata ngome ya Nuremberg, wakawa burgrafu, yani wasimamizi wa ngome ya mfalme, na ukoo ukagawanyika, tawi moja likabaki Swabia na lingine likaenda na Nuremberg. Mwaka 1415 ndo burgrafu Friedrich wa Sita akapewa jimbo la Brandenburg na mfalme Sigismund. Brandenburg ilikuwa tayari na tai wake MWEKUNDU, ameachwa na watawala waliotangulia, ukoo mwingine kabisa. Hohenzollern walimkuta pale kama unavyohamia nyumba ukakuta mwembe uani. Utauita mwembe wa babu yako?

Halafu huyo mweusi wa Prussia, hapa nitakaa kidogo. Prussia ilikuwa chini ya watawa wapiganaji wa Kijerumani, wale wa joho jeupe lenye msalaba mweusi. Mkuu wao wa mwisho kule, Albrecht, alikuwa mtoto wa Hohenzollern, na mwaka 1525 akauacha utawa, akaifanya Prussia kuwa nchi yake ya kurithisha, akaenda Kraków akapiga goti mbele ya mfalme wa Poland, naye Sigismund (siyo yule wa 1415), ambaye alikuwa mjomba wake, ndugu wa mama. Mjomba akampa bendera yenye tai mweusi, kifuani herufi S. S ya Sigismund! Yani tai ambaye watu wananiambia ni damu ya Kaisari alianza kazi akiwa na herufi ya mjomba wa Poland kifuani. Herufi za FR, yani mfalme Friedrich, ziliwekwa baada ya 1701 walipojivika ufalme kule Königsberg. Kangao ka ukoo kuwekwa kifuani mwa tai wa Prussia ndani ya nembo ya Dola ni mambo ya 1871.

Na hata kile cha ukoo msidhani kilishuka kutoka mbinguni. Pambo la juu ya kofia ya chuma, kile kichwa cha mbwa wa kuwinda, walikinunua. Mwaka 1317 burgrafu Friedrich wa Nne alimlipa Leutold von Regensberg mark 36 za fedha, akapewa haki ya kuvaa kichwa cha mbwa. Biashara halali kabisa, na mimi naipenda sana hii habari kwasababu inaonyesha nembo ilikuwa mali, inauzwa, inagombewa.

Kuna sehemu naungama siko imara. Mihuri ya zamani ya Zollern ni ya nta, nta haionyeshi rangi za ngao, kwahiyo tukisema "nyeusi na fedha tangu karne ya 13" tunazitegemea picha za rangi zilizochorwa baadaye. Na bendera nyeusi na nyeupe ya Prussia imetokana na ngao ya ukoo au na yale majoho ya watawa? Vitabu vingi vinachagua moja kwa sauti kubwa. Mi naegemea majoho, halafu wiki ijayo naegemea ngao.

Lakini la tai sina wasiwasi nalo hata chembe. Novemba 1918 Wilhelm akakimbilia Uholanzi, akafia Doorn 1941. Ufalme kwisha. Tai je? Mwaka 1919 jamhuri ikamchukua, ikamvua taji na ile ngao ya kifuani, na mpaka leo yupo kwenye nembo ya Ujerumani, mweusi, bila Hohenzollern yeyote. Angekuwa wa familia angeondoka nao.

Kwahiyo ukitaka kujua kama pesa yako ina nembo ya Kaisari angalia kifua cha yule tai wa ndani, kwa lenzi, mwanga utoke pembeni. Kifua ndo sehemu iliyoinuka kwahiyo ndo inayolika kwanza, pesa ikishazunguka sana ukoo wote umefutika na tai bado anaonekana. Na tafadhali msizisugue kwa ndimu na majivu kabla ya kunipigia picha, nileteeni na uchafu wake.