Mwenye timu akiwa balozi, timu haiuzwi

Vijiwe vya kahawa Kariakoo, kati ya Msimbazi na Jangwani, kuna imani ya siku nyingi: tajiri wa timu ya Marekani akiteuliwa kuwa balozi wa nchi yake, lazima kwanza auze timu. Si kweli. Sheria haimkatazi kumiliki. Inamkataza kushughulikia kiserikali jambo linalogusa mfuko wake.

Dan Rooney wa Pittsburgh Steelers, timu ya mpira wa Kimarekani iliyoanzishwa na baba yake mwaka 1933, aliteuliwa na Rais Obama kuwa balozi Ireland Machi 2009. Timu ilibaki kwa familia. Mwanawe Art II alikuwa rais wa klabu tangu 2003, hivyo hapakuwa na pengo. Woody Johnson wa New York Jets, timu nyingine ya mchezo huo, alipokwenda London kuwa balozi mwaka 2017, usukani aliushika mdogo wake, Christopher, naye ndiye aliyemtimua kocha mwishoni mwa msimu wa 2018. Woody alirudi 2021, timu ingali yao.

Uteuzi wenyewe hautoshi kumfanya mtu balozi, na hapa ndipo wengi huteleza. Mteule hutaja mali zake kwa maandishi na kuahidi atakaa mbali na mambo gani. Kisha huhojiwa na kamati ya Seneti, Seneti nzima hupiga kura, anakula kiapo. Akifika, hukabidhi hati za utambulisho kwa mkuu wa nchi. Kwetu ni pale Ikulu, Rais akizipokea kwa mikono yake. Faili linaweza kukwama kwenye mali: tajiri ana hisa kila kona.