Bunduki Kuukuu ya Jeshi Imefika Imejaa Grisi: Yanayosemwa na Yaliyo Kweli

Bunduki za Mosin-Nagant M91/30, silaha za askari wa Kisovieti, zilipoanza kumiminika Marekani baada ya Umoja wa Kisovieti kuvunjika, zilifika ndani ya makasha ya mbao, 20 kwa kila kasha, zote zimepakwa grisi nzito ya kahawia kuanzia mdomo wa mtutu hadi kitakoni. Miaka ya 2000 mtu aliweza kuipata moja kwa chini ya dola 100. Bei hiyo leo ni hadithi, lakini bunduki zenyewe bado zinapita mkono hadi mkono, na nyingine hazijawahi kufunguliwa tangu karakana za Kisovieti zilipozikarabati baada ya Vita vya Pili vya Dunia. Sheria ya shirikisho ya huko huiweka silaha iliyotimiza miaka 50 katika kundi la vitu vya kale vya wakusanyaji. Ndiyo maana wanunuzi wengi si askari, ni wapenzi wa historia wenye meza ya kazi kwenye gereji.

Wanunuzi hao hurithishana maelekezo ya kusafisha, na mengi ni ya kubahatisha. Nikiyatazama kwa jumla naona kosa moja likijirudia: watu hutumia nguvu kwenye mbao za bunduki, mahali panapotaka subira, halafu wanakuwa wavivu ndani ya bolti (kipande cha chuma kinachofunga nyuma ya mtutu) na chemba (nafasi inamokaa risasi kabla ya kupigwa), mahali panapotaka kazi.

“Grisi nayo ni mafuta. Piga risasi mbili tatu, itatoka yenyewe.”

Tuanze na hii kwa sababu inaweza kumtoa mtu jicho. Grisi ya kuhifadhia silaha, ambayo Wamarekani huiita Cosmoline hata kama ilipakwa Tula au Izhevsk, miji ya Urusi yenye viwanda vya silaha, haikutengenezwa ili ilainishe. Ni aina ya nta itokanayo na mafuta ya petroli, na kazi yake ni kuzuia hewa na unyevu visiguse chuma. Ikikaa miongo kadhaa, sehemu yake nyepesi hupeperuka na inayobaki hukauka ikawa ngumu. Bonge la namna hiyo likiwa ndani ya mtutu, risasi inayokuja kwa nyuma hukutana na kizuizi. Shinikizo hupanda ghafla mahali hapo, na mtutu unaweza kuvimba au kupasuka.

Kuna ubaya mwingine usioonekana kwa nje. Ndani ya bolti mna pini inayogonga kitako cha risasi. Kwenye Mosin, grisi iliyoganda huipunguzia pini hiyo kasi, na risasi inakataa kulipuka. Kwenye SKS, bunduki nyingine ya Kisovieti inayojipakia risasi yenyewe, mambo ni mazito zaidi. Pini ya SKS nyingi huelea bila springi ya kuirudisha nyuma. Grisi ikiinasa ikiwa imechomoza mbele, bolti inapojifunga yenyewe pini inaigonga risasi, na bunduki inafyatuka bila kidole kugusa kifyatulio. Inaweza kuendelea hivyo hadi risasi zote kumi za magazini ziishe. Asiyetaka kufungua bolti ya SKS na kuisafisha hadi pini icheze huku na huku ukiitikisa, asiipeleke kwenye uwanja wa shabaha.

Bolti ya Mosin yenyewe ni rahisi kufungua. Ina vipande saba na haihitaji kifaa chochote zaidi ya vidole. Kinachosahauliwa ni kurudisha pini kwenye kipimo chake. Ufunguo wa jeshi uliokuja na bunduki una pengo mbili zenye namba 75 na 95, na hizo si urembo. Pini inatakiwa kuchomoza kati ya elfu 75 na elfu 95 za inchi, yaani takriban milimita 1.9 hadi 2.4. Ikipungua, risasi haiwaki. Ikizidi, inaweza kutoboa kiwashio cha risasi na gesi ya moto ikarudi nyuma kuelekea usoni. Na aliyenunua bunduki mbili asiziloweke bolti zake kwenye ndoo moja kisha akabahatisha ipi ni ya nani. Kila bolti ilipimwa na mtutu wake, na ndiyo maana zina namba.

“Petroli ndiyo inayoyeyusha vizuri.”

Inayeyusha, hilo halina ubishi. Lakini mvuke wa petroli ni mzito kuliko hewa. Hutambaa sakafuni kama maji hadi ukutane na moto, na kwenye gereji nyingi za Marekani kuna tangi la kuchemshia maji linalotumia gesi, lenye kimwali kinachowaka mchana na usiku. Juu ya hayo, petroli ina benzini, ambayo husababisha saratani na hupita kwenye ngozi. Mafuta ya taa huifanya kazi hiyohiyo kwa utaratibu zaidi, na kwa joto la kawaida la chumba hayatoi mvuke wa kushika moto kirahisi. Kile kiyeyushi ambacho wapaka rangi hutumia kuoshea brashi za rangi ya mafuta nacho kinafaa. Vyote viwili vitumike nje, kwa glavu, mbali na sigara.

Tena kiyeyushi si lazima kiwe cha kwanza. Grisi hii hulegea kwenye joto la karibu nyuzi 50 za Selsiasi, kwa hiyo maji yanayochemka huiondoa sehemu kubwa kabla hujafungua kopo lolote. Wengine hukata kipande cha mfereji wa bati wa kukingia maji ya mvua, wakaziba ncha zake, wakalaza mtutu mzima humo na kumimina birika baada ya birika.

Hapo ndipo huja wasiwasi kwamba moto wa maji utaharibu chuma. Hauharibu. Chuma cha mtutu huimarishwa kwa joto la mamia ya nyuzi. Nyuzi 100 za maji hazikifanyi kitu. Kinachoharibika ni bomba la sinki, kwa kuwa grisi iliyoyeyuka ikipoa humo inaganda upya. Maji hayo yamwagwe kwenye chombo, yaachwe yapoe, na utando wa juu ukwanguliwe na kutupwa. Na sufuria iliyotumika isirudi jikoni. (Ndiyo, wapo wanaoirudisha.)

“Weka mbao kwenye mashine ya kuoshea vyombo.”

Ushauri huu una mashabiki sugu, na wana sababu: mbao hutoka nyeupe, safi, bila hata tone la grisi. Hutoka pia zimevimba, nyuzi zimesimama, na wakati mwingine zimepinda kiasi kwamba chuma hakikai tena sawasawa. Dawa ya kusafishia oveni hufuata nyuma yake kwa ubaya. Ina magadi makali ambayo huchuna rangi na kuendelea kuula ubao hata baada ya kuusuuza.

Inafaa kujua ubao umepakwa nini kabla ya kuuamulia. Mosin nyingi zilizokarabatiwa na Wasovieti zilipakwa shelaki, ule utomvu wa wadudu wanaojulikana zaidi India, na ndiyo inayozipa ule wekundu unaong'aa. Shelaki ina adui zake wanaojulikana. Spiriti huiyeyusha mara moja. Amonia, iliyomo kwenye dawa nyingi za kusafishia vioo, nayo huila. Maji ya moto huiacha na madoa meupe. Mafuta ya taa hayaiyeyushi. Basi anayetaka kubaki na sura ya asili afute ubao kwa tambara lililoloweshwa mafuta ya taa, aishie hapo. Kazi ya nusu saa. Shelaki imezuia grisi isizame ndani sana, kwa hiyo hakuna kikubwa cha kufukua.

Bunduki za Yugoslavia, kama M48 na M59/66, ni kesi nyingine. Ubao wake haukuwa na ngao hiyo, na grisi yake ilipakwa bila ubahili, kwa hiyo imezama ndani kabisa. Hapa dawa ni joto na muda. Ubao huzungushiwa matambara au karatasi za kunyonya, ukatiwa kwenye mfuko mweusi wa taka na kuachwa ndani ya gari lililoegeshwa juani. Arizona au Texas wakati wa kiangazi, joto ndani ya gari lililofungwa hupita nyuzi 50 bila shida. Grisi hutoka jasho, unaifuta, unabadilisha matambara, unarudia kesho na keshokutwa. Aliyeko Minnesota mwezi wa Januari anaweza kutumia pipa la bati na balbu ya zamani ya wati 100, ile inayotoa joto, akilitazama mara kwa mara. Oveni ya nyumbani nisingeishauri: joto lake halina adabu, nyumba yote itanuka, na hakuna mke au mume atakayesahau.

Msasa ndio uharibifu usio na marudio. Mihuri midogo iliyogongwa ubaoni ndiyo inayosimulia bunduki ilitengenezwa wapi na ilikarabatiwa wapi. Msasa huifuta kwa dakika tano, na thamani inashuka pamoja nayo. Doa jeusi la jasho la askari aliyekwisha kufa si uchafu.

Neno moja kuhusu matambara. Wanaomalizia kwa kupaka ubao mafuta ya kitani wakumbuke kwamba tambara lenye mafuta hayo, likikunjwa na kutupwa kwenye kona, hujipasha joto lenyewe linapokauka na linaweza kushika moto bila kiberiti. Litandazwe nje hadi likauke, au litiwe kwenye kopo la bati lenye maji.

“Siki inatoa grisi na kutu kwa pamoja.”

Siki haina habari na grisi. Kutu inaitoa, na pamoja na kutu inatoa ule weusi wa buluu juu ya chuma, kwa sababu weusi huo nao ni aina ya oksidi ya chuma.

“Bolti ikikwama, ni rangi ya maganda ya risasi inayeyuka.”

Risasi nyingi za Kisovieti zina maganda ya chuma yaliyopakwa vanishi. Bunduki ikishapata moto, bolti inagoma kufunguka, na mwenyewe analitafuta gongo la mbao. Lawama huenda kwa vanishi. Mara nyingi mkosaji ni grisi ya zamani iliyobaki kwenye kuta za chemba, ambayo brashi ya kawaida ya mtutu haiigusi kwa sababu chemba ni pana kuliko mtutu. Inahitaji brashi ya shaba nyeupe iliyo pana zaidi, ikizungushwa polepole kwa drili, pamoja na mafuta ya taa, kisha tambara safi hadi lirudi bila doa la kahawia. Chunguza kwa tochi. Chemba safi inang'aa. Ikiwa na rangi ya chai, bado.

“Kilichotoa grisi kitatoa kila kitu.”

Mtu amesafisha wiki nzima, amenunua kopo la bati la risasi kuukuu, 440 ndani yake, amekwenda kupiga, amerudi na kupitisha tambara la mafuta ya taa mtutuni. Baada ya siku chache mtutu una kutu. Viwashio vya risasi hizo vina kloreti ya potasiamu, na ikiungua huacha kloridi ya potasiamu, chumvi inayovuta unyevu wa hewani. Chumvi haiyeyuki kwenye mafuta ya taa, wala kwenye mafuta ya bunduki. Inayeyuka kwenye maji. Wapo wanaoapa kwa dawa ya vioo yenye amonia, wakidhani amonia ndiyo inayoua chumvi, kumbe kazi imefanywa na maji yaliyomo. Maji ya moto siku hiyohiyo, kausha, kisha mafuta.

Kukausha na kupaka mafuta hakuhusu siku ya kupiga tu. Kiyeyushi kilichoondoa grisi kimeacha chuma uchi, na hewa yenye unyevu inaweza kukitia kutu usiku huohuo. Utando mwembamba wa mafuta upakwe chuma kikiwa bado na uvuguvugu wa maji, na urudiwe baada ya wiki, kwa kuwa grisi iliyojificha chini ya pete za mtutu na kwenye vitundu vya skrubu itaendelea kutoka siku za joto. Na aliyenunua bunduki mbili, moja ya kupigia na moja ya kuhifadhi, hiyo ya pili aiache ilivyo, na grisi yake.